Pawa stesheni Mwanza: unacholipia ni kule kubebeka

Mwaka 2023 tulikaa kwenye mgao, na kila mwenye biashara inayotegemea umeme hapa Mwanza anakumbuka hali ilivyokuwa. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi, mingine ikafuata, na kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, nchi ikapata megawati 2,115 ambazo haikuwa nazo. Mgao wa aina ile ukaisha. Lakini umeme wa Rufiji hadi ufike Nyegezi au Igoma una safari ndefu, ikiwamo njia ya msongo mkubwa ya kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kisha vituo vya kupoozea, transfoma na nguzo za mtaani. Juu ya hapo, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Umeme bado unakatika, ila kwa namna nyingine: lisaa limoja, masaa matatu, bila taarifa, na mvua ikianza tu watu wanajua kinachofuata.

Ukatikaji wa namna hii ndio unaofanya watu waulizie pawa stesheni, lile boksi lenye mshikio ambalo ndani yake kuna betri ya lithiamu, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) na chaja vikiwa kitu kimoja. Unalichaji kwenye soketi ya kawaida au kwa sola, umeme ukikatika unachomeka vifaa vyako. Hakuna fundi wa kufunga, hakuna mafuta, hakuna moshi. Wauzaji wanalisifia kuwa linamaliza tatizo la nyumba nzima, na wanaolipinga wanasema ni pawabenki ya bei mbaya. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia kitu kisichohusika sana. Thamani ya boksi hili iko kwenye kubebeka kwake, kwa hiyo asiye na sababu ya kulibeba anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kutoa hela.

Tumchukue kinyozi wa Nyegezi karibu na stendi, mwenye fremu ya kupanga. Mashine mbili za kunyolea, taa za LED, televisheni ndogo na redio: vyote kwa pamoja havizidi wati 100. Umeme ukikatika huku mteja amenyolewa upande mmoja wa kichwa, hasara yake ni mteja huyo aliyekwama kitini, pamoja na wale wawili waliokuwa kwenye benchi ambao wameshainuka kwenda kwingine. Tuseme umeme wake unakatika mara mbili kwa wiki, masaa matatu kila mara. Hayo ni karibu masaa 300 kwa mwaka.

Sasa tuseme ananunua boksi la wati-saa 1,000, yaani uniti moja ya luku, kwa shilingi milioni mbili. Kati ya wati-saa hizo, 850 hivi ndizo zitakazofika kwenye vifaa, nyingine zinapotelea kwenye inveta. Kwa mwaka atatumia uniti 30 tu. Ukipiga hesabu kwa uniti, hata kwa miaka kumi, kila uniti itamgharimu zaidi ya shilingi 6,600, wakati uniti ya luku kwa bei ya kawaida ni shilingi 292 kabla ya kodi. Hapo ndipo wapinzani wa boksi wanaposimama, na hesabu yao ni sahihi. Hata ile ahadi ya kuchaji na kutumia mara 3,000 inayoandikwa kwenye kartoni haimsaidii, kwa sababu mtu wa dharura hafikishi mara 3,000. Betri yake itazeeka kwa umri kabla haijachoka kwa kazi.

Ila kinyozi hauzi uniti, anauza muda wake. Igawe milioni mbili hiyo kwa masaa 1,500 ya miaka mitano, unapata kama shilingi 1,330 kwa lisaa. Kichwa kimoja kinarudisha hela hiyo na chenji inabaki. Tena hakuhitaji boksi kubwa kiasi hicho. Kazi yake ya masaa matatu ni wati-saa 300, kwa hiyo boksi la wati-saa 500 linamtosha. Kama amelipata kwa milioni moja, gharama inashuka hadi shilingi 670 kwa lisaa.

Mlinganishe na mwenzake mwenye jenereta ndogo. Ile mashine inakunywa karibu nusu lita kwa lisaa hata kama kilichowashwa ni mashine ya kunyolea na taa tu. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita, maana bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inabadilika kila mwezi. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa lisaa, bado oili, plagi na kelele zinazomlazimu mteja kuongea kwa kupaza sauti. Na kuna jambo ambalo halina bei: jenereta ikiingizwa ndani ya fremu ili isiibwe au isilowe mvua, inatoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na hewa hiyo inaua. Kwa biashara ndogo ya ndani, hapa sioni mjadala.

Mpinzani wa kweli wa boksi ni inveta na betri ya kufungiwa na fundi, ile ambayo wengi wetu tumeizoea. Betri ya N100 ya risasi ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usishuke chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Baada ya miaka miwili mitatu unanunua nyingine. Kwa mzigo wa kinyozi, boksi dogo linaishinda. Mzigo ukikua, mambo yanageuka. Anayetaka kuendesha friji, televisheni, taa za vyumba vyote na pampu ya maji anahitaji uniti tatu hadi tano, na hapo betri ya lithiamu ya kufunga ukutani ina bei ndogo zaidi kwa kila uniti, inaongezeka kadiri mfuko unavyoruhusu, na ikiharibika inveta unabadilisha inveta peke yake. Pawa stesheni ya uniti mbili ina uzito wa kilo 20 na ushee, na zile za uniti tatu na nusu zinafika kilo 45. Huo ni mfuko wa saruji karibu wote. Ukiwa Mabatini au Bugarika, nyumba ziko juu ya mawe na njia ni ngazi, nani ataubeba kila jioni? Mwenye nyumba yake ambaye anataka nyumba nzima iwake atafute fundi. Boksi kubwa linamtoza hela ya kubebeka ilhali halitabebeka.

Mpangaji ana hesabu nyingine. Hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, mkataba ukiisha anahama, na mchana yuko dukani. Boksi la kilo sita linafanya kazi kwenye fremu mchana na usiku linalala naye nyumbani, likiwasha taa na kuchaji simu za familia, halafu wezi wa usiku hawalikuti dukani. Hapo kila shilingi ya kubebeka inatumika.

Kuna kazi ambazo boksi haliziwezi na muuzaji hatakuambia. Steshenari za Malimbe, karibu na Chuo Kikuu cha SAUT, zinakuwa na foleni wakati wa kukusanya kazi za darasani. Printa ya leza inapopasha moto inavuta wati 800 hadi 1,000 kwa sekunde chache, kisha inatulia. Boksi lenye inveta ya wati 1,000 litapumua kwa shida, feni yake itavuma, na litamaliza kazi. Ukichomeka mashine kubwa ya fotokopi ya wati 1,500, linajizima. Birika la kuchemshia maji ya taulo pale saluni litamaliza uniti nzima kwa nusu saa. Pasi, drayer na mashine ya kuchomelea viondoe kabisa kwenye mawazo. Kompyuta ni habari nyingine: maboksi mengi yanabadilisha kutoka umeme wa gridi kwenda betri ndani ya milisekunde 10 hadi 30, mashine haizimi, na mwanafunzi hapotezi kazi yake.

Friza ndilo linalowafanya watu wengi watoe hela bila sababu. Muuza sato na sangara anaogopa samaki kuharibika, na hofu hiyo ni halali. Lakini friza lililojaa, lisipofunguliwa, linatunza ubaridi hadi masaa 48, na likiwa nusu masaa 24. Kwa umeme unaokatika masaa matatu, dawa yake ni kulijaza chupa za maji yaliyoganda na kuwakataza watoto kulifungua. Anayeuza barafu na juisi, ambaye mlango wake haupumziki, ndiye mwenye sababu ya kununua boksi, na ahakikishe inveta inahimili ule mshtuko wa kompresa inapoanza, ambao ni mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Ukiamua kununua, nenda na mizani. Mji huu hauna uhaba wa mizani ya samaki. Boksi la kweli la wati-saa 1,000 lina uzito wa kilo 10 hadi 13. Likiandikwa 1,000 na kilo ni tano, kilichoandikwa si kweli. Muuzaji akikutajia milliampia-saa (mAh) badala ya wati-saa, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ile "100,000" inayotisha ni wati-saa 370. Uliza kama betri ni LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, kwa sababu hiyo inastahimili joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko ile ya nikeli na kobalti. Kwa sola, soma kikomo cha volti kabla ya kuunganisha. Maboksi mengi yanapokea hadi volti 60, madogo 30, na paneli mbili kubwa za paani zikifungwa kwa mfululizo zinavuka hapo na kuliunguza. Radi zikianza, lichomoe ukutani.

Upande wa matengenezo bado unanipa shaka kubwa. Fundi wa mtaani anaijua inveta ya kawaida, anafungua, anabadilisha transista, unaondoka. Pawa stesheni imefungwa, betri na bodi yake vinazungumza kwa programu ya kiwanda, na kipuri kinatoka China. Dhamana isiyo na duka la kuirudishia hapa hapa Mwanza au walau Dar es Salaam usiihesabu kwenye bei.

Wavuvi wa dagaa nao wanaulizia, kwa ajili ya taa za ziwani. Hapana. Maboksi haya mengi hayazuii maji, na usiku mmoja wa mawimbi unatosha kuliharibu. Taa za LED zenye betri zilizozibwa kwa kazi hiyo zipo na zinafaa zaidi.

Nimalizie na nyumba yenye mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni, kwa sababu hapa makosa hayasameheki. Mashine ya lita tano inatumia karibu wati 350. Boksi la wati-saa 1,000 litampa masaa mawili na nusu tu, si usiku mzima kama muuzaji anavyoweza kusema. Masaa hayo yana thamani kubwa, yanatosha kumfikisha Hospitali ya Bugando au kusubiri umeme urudi, na kwa familia hiyo ningesema linunuliwe hata kwa kukopa. Lakini pembeni yake uwepo mtungi wa oksijeni uliojazwa, na kila aliyemo nyumbani ajue kuufungua gizani.