Brian May hastahili kuwekwa mkiani

Mwandishi wa orodha moja ya wapiga gitaa bora wa roki kamweka Jimmy Page wa bendi ya Led Zeppelin juu kabisa kwa solo (kipande ambacho gitaa linaongoza peke yake) ya "Stairway to Heaven" ya mwaka 1971, na Brian May wa Queen kamtupa mkiani eti hana kasi. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Page ni fundi, hilo halina ubishi. Lakini tangu lini kasi ikawa kipimo? David Gilmour wa Pink Floyd hana papara, na solo ya mwisho ya "Comfortably Numb" (1979) bado inasisimua mwili. Anavuta uzi, anauacha ulie, ndipo anasogea.

Sasa sikilizeni "Bohemian Rhapsody" (1975). Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen na mzaliwa wa Unguja, anamaliza ubeti na gitaa linapokea. May harudii kilichoimbwa. Anakuja na melodia yake mwenyewe, fupi, ambayo unaweza kuiimba kwa mdomo mwanzo hadi mwisho. Na gitaa lenyewe aliliunda nyumbani na baba yake, shingo ikachongwa kwenye mbao ya meko ya zamani, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Mlio ule huupati kwa mwingine. Kwangu mimi, May yuko juu ya Page.