Je, Dietmar Lorenz alibebwa na mgomo wa Moscow?

Wapenzi wa judo wakianza kubishana juu ya mwaka 1980, hakosekani wa kusema kwamba dhahabu ya Lorenz ihesabiwe nusu. Dietmar Lorenz wa Ujerumani Mashariki alitwaa ubingwa wa uzito huria, daraja lisilo na kikomo cha kilo, kwenye Olimpiki ya Moscow akiwa na miaka 29, akawa Mjerumani wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Lakini Marekani ilikuwa imeongoza mgomo dhidi ya michezo ile baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, na Wajapani, wenye judo yao, walibaki kwao. Paka akiondoka, panya hutawala.

Hoja hiyo ina mashiko, ila wengi huitetea kwa jina lisilofaa. Utasikia Yasuhiro Yamashita, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, ambaye kuanzia 1977 hadi alipostaafu 1985 hakushindwa hata pambano moja. Kinachosahaulika ni kwamba Mei 1980, mwezi uleule Japani ilipoamua kutokwenda, Yamashita alivunjika mfupa wa mguu kwenye mashindano ya nyumbani. Mpinzani wake alimrukia na kumbana miguu kwa mtindo wa mkasi, wakaanguka pamoja. Michezo ilikuwa imebakiza miezi miwili tu, kwa hiyo hata Japani ingepeleka timu, sioni Yamashita angepiganaje.

Aliyemvunja mguu ni Sumio Endo, na huyo ndiye wakosoaji walipaswa kumtaja. Endo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito huria, taji alilolipata Paris mwaka 1979, kwenye mashindano ambayo Japani iliondoka na dhahabu nne kati ya nane. Kama kuna mtu aliyenyimwa nafasi ya kumzuia Lorenz, basi ni yeye. Ongeza na Günther Neureuther wa Ujerumani Magharibi, mshindi wa fedha ya uzito wa juu Montreal 1976, ambaye nchi yake pia ilisusa.

Sasa tuwatazame waliokuwepo. Uzito huria maana yake hakuna mizani: mtu wa kilo 90 na kitu anaweza kupangiwa jitu lenye kilo 120, na hakuna wa kumlalamikia. Lorenz alikuwa mtu wa daraja la kilo 95. Kwenye fainali alikutana na Angelo Parisi wa Ufaransa, ambaye siku chache kabla alikuwa ametwaa dhahabu ya uzito wa zaidi ya kilo 95. Yaani bingwa wa majitu alikuwa pale, mzima, mbele yake. Judogi za bluu, yaani mavazi ya judo, zilikuwa bado hazijaingia Olimpiki. Wote wawili walivaa nyeupe, wakitofautishwa kwa mkanda mwekundu na mweupe, na Lorenz akashinda. Pambano hilo hakupewa na mgomo wowote.

Kuna jambo jingine linalonikera kidogo katika mjadala huu. Los Angeles 1984, Yamashita alichukua dhahabu hiyohiyo ya uzito huria akichechemea, akamshinda Mmisri Mohamed Rashwan. Safari hiyo waliosusa walikuwa Wasovieti, Ujerumani Mashariki, Cuba na wenzao. Nani anaihesabu nusu? Najua jibu litakalokuja: Yamashita ana mataji ya dunia kuthibitisha uwezo wake, Lorenz hana hata moja, alikuwa bingwa wa Ulaya tu. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Ila basi tuseme wazi kwamba tunapima wasifu wa mtu, tuache kusingizia mgomo.

Sisi wa Afrika Mashariki tusicheke sana. Tanzania ilikwenda Moscow. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali hadi Dar es Salaam kuishawishi isusie, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kuonana naye. Filbert Bayi akarudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5,000. Henry Rono, Mkenya aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mbio zote mbili, hakuwepo kwa sababu Kenya ilisusa. Anayekata dhahabu ya Lorenz awe tayari kukata na fedha hizo. Mimi siko tayari.

Suala la dawa za kuongeza nguvu haliepukiki ukimtaja mwanamichezo wa Ujerumani Mashariki, tena wa SC Dynamo Hoppegarten, klabu iliyokuwa chini ya chama cha michezo cha polisi na usalama wa taifa. Mpango wa serikali wa dawa hizo ulikuwepo na umethibitishwa kwa nyaraka. Lakini kumhukumu mtu kwa jezi aliyovaa si haki, na hapo nitaishia.

Kinachonipa shida ni kitu ambacho wakosoaji hawakigusi. Katika daraja lake mwenyewe la kilo 95, Moscow hiyohiyo, Lorenz aliambulia shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Mbelgiji Robert Van de Walle, fedha kwa Msovieti Tengiz Khubuluri, bingwa wa dunia wa 1979. Hao walikuwepo na walimaliza juu yake. Anayetaka kuishusha dhahabu yake aanzie hapo, amwache Yamashita na mguu wake.