Kichupa hakina mwenyewe

Juzi jioni niko kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama kama kawaida maana siti saa kumi na mbili ni bahati ya mtu, jamaa wa dirishani katoa kichupa cha pombe kali mfukoni, kapiga mafunda mawili matatu, kakunja sura, kafungua kioo na kichupa kikaenda zake mtaroni. Mama aliyekaa naye akamwambia "baba, huko wanapita watoto", jamaa akajibu "samahani mama" kwa adabu kabisa, akalala. Konda hata hakugeuka, shida yake nauli.

Mi sina ugomvi na mtu kunywa, foleni ya masaa mawili naijua. Ila si usubiri ushuke, grosari zimejaa kila kituo bwana.

Viroba, zile pombe kali za kwenye vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na mimi nilishangilia, nikajua mitaro sasa itapumua. Kumbe kiu ilihamia tu kwenye vichupa, na kiroba angalau kilikuwa hakimchani mtu mguu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulivyofanya usafi mtaani nilipita na reki nyuma ya kituo, hatua kama kumi tu nusu ndoo imejaa vichupa, vingine vina maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu wanacheza humo. Chupa ya bia? Hata moja.

Sababu si ustaarabu wa wanywa bia, hao nawajua. Ni kwamba ile chupa ina hela, ukienda kununua bila chupa unaacha hela ya chupa, na mhudumu wa baa anaweza kukufuata mpaka barabarani kuidai. Chupa ya plastiki ya maji nayo ina wenyewe, vijana wa kuokota makopo wanaiwahi asubuhi wakauze kwa kilo. Kichupa cha kioo hakuna anayekililia. Kiwekewe hata mia mbili ya kurudisha, uone kama kuna atakayekirusha, na akikirusha kuna dogo atakikimbilia.

Trafiki wanampulizisha dereva kile kifaa cha kupima pombe, sawa kabisa, ila abiria wa nyuma nani kamuuliza?

Wazo la mia mbili nikampelekea mzee wa grosari pale kwetu, akacheka, "sasa mwanangu nikishavikusanya nampelekea nani? Gari ya bia inakuja na kuchukua makreti, hivi vikishashushwa ndo basi". Nikabaki namwangalia.