Kibuyu Kilichopungua

Asubuhi baada ya usiku wa kwanza wa ndoa, katika kijiji cha zamani cha Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria ya leo, wazazi wa bi harusi walikaa wakimngoja mjumbe kutoka kwa wakwe. Akija na kibuyu cha tembo kilichojaa pomoni na kiberiti kilichoshona njiti, shangwe: binti alikutwa na ibale, yaani bikira. Kibuyu kikifika nusu, au kiberiti kikiwa na njiti chache, mjumbe hakuhitaji kusema neno. Mama ameshaelewa, na kabla ya jua kupanda majirani nao wameelewa.

Pwani kwetu tunamjua ndugu wa desturi hii, kisarawanda, kitambaa cheupe cha kitandani kinachotazamwa kama kina damu ya ubikira, kwa hiyo sisemi ya watu wa mbali.

Wanaozitetea mila hizi wana hoja, na nzito kuliko zote haihusu kibuyu. Ndoa ilikuwa ya koo mbili. Mshenga, alarina kwa Kiyoruba, alipeleka maneno, kila upande ulichunguza mwenzake kama kuna wazimu, ukoma au madeni, na Ifa, ramli ya Wayoruba, ikaulizwa. Binti hakutupwa kwa mtu asiyejulikana. Hata leo, siku ya idana, sherehe ya kutoa mahari, bwana harusi na rafiki zake hulala kifudifudi mbele ya wakwe, na familia nyingi humrudishia fedha ya mahari palepale zikisema haziuzi mtoto. Hilo nalipenda kwa moyo wote.

Ila mahari yaliyoliwa yalikuwa na upande wa pili. Binti akikimbilia kwao, kumpokea abaki huko kulimaanisha kuyarudisha, na si kila baba alikuwa nayo.

Upande wa Oyo kuna ekun iyawo, kilio cha bi harusi. Kabla ya kuondoka kwao, msichana huimba beti zake mbele ya watu: amshukuru mama, aombe watoto, aseme hofu yake ya kwenda kuishi na wake wenza. Siku hiyo wazee hunyamaza, yeye ndiye msemaji. Lakini mojawapo ya fahari anazozitaja ni kwamba amejitunza. Namfikiria yule asiyeweza kuuimba ubeti huo, au aliyeuimba kwa haki kisha asitoke damu, kwa kuwa si kila bikira hutoka damu. Huyo kibuyu nusu kilimhukumu bure, na hakuna aliyemtetea.

Mwanamume hakupelekewa kibuyu chochote. Yeye aliweza kuongeza mke wa pili na wa tatu. Na kuna magun, uchawi ambao Wayoruba wanaamini mume humtegea mkewe bila mwenyewe kujua, ili mwanamume atakayemkaribia afe. Mwili wa mke unageuzwa mtego, naye haambiwi.

Mtaalamu Oyeronke Oyewumi anasema kilichotawala nyumba ya Kiyoruba ya Oyo ni ukubwa wa kutangulia, si jinsia: bi harusi humwita oko, mume, kila aliyezaliwa katika ukoo ule kabla yeye hajaolewa, wakiwemo dada za mumewe. Kweli. Tena mke alikuwa na biashara na mfuko wake sokoni, na wengine walifika cheo cha Iyalode, mkuu wa wanawake wa mji, kama Efunsetan Aniwura wa Ibadan na Madam Tinubu wa Abeokuta. Heshima hiyo ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, kwa akili na jasho lake. Bado haimfuti machozi msichana aliyeaibishwa asubuhi ile, kwa sababu soko lilimpa heshima miaka mingi baadaye, na kibuyu kiliivunja siku ya kwanza.

Wanaosema wanawake waliridhika na mpango wote huo wanapaswa kutazama mabaraza ya wenyeji ya enzi za Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke aliruhusiwa kuvunja ndoa mradi mahari yarudishwe. Wengi walikwenda barazani, na wapo waliolipa kwa fedha yao ya sokoni.