Kozi Imejaa

Imejaa. Neno hilo nilikuwa silijui. Nimepanda haisi za Buhongwa hapa Mwanza tangu nikiwa na begi la shule, mtu mmoja amekalia tairi la akiba, mwingine kichwa kiko nje ya dirisha kinasalimiana na watu wa Mkuyuni, na konda bado anaita, "Wawili wa mwisho, siti zipo!" Leo asubuhi nimefungua mfumo wa usajili kwa simu yenye chaji asilimia nane, nikabonyeza Saikolojia ya Makuzi, ukanijibu kwa maandishi mekundu: kozi imejaa. Imejaaje? Nani kakaa wapi? Mimi naweza kusimama. Mimi naweza kuning'inia mlangoni.

Haya, tusianze kwa hasira. Mimi ni msomi. Msomi huvuta pumzi kwanza.

Nasoma shahada ya sayansi katika saikolojia, mwaka wa kwanza huo unakatika, na tumeambiwa kila mmoja apeleke mpango wa kozi zake mpaka mwaka wa tatu. Sasa ndugu zangu, mimi saikolojia nilikuja kukimbia hesabu. Kidato cha nne tuliagana vizuri, bila kinyongo, kila mtu akashika njia yake. Nilijiona kabisa nimekaa kwenye kiti cha ngozi, mtu analia, mimi natikisa kichwa taratibu. Kufika chuoni: Takwimu I. Nageuza ukurasa: Takwimu II. Nageuza tena: Mbinu za Utafiti, ambayo ni takwimu ileile imevaa koti. Bila kufaulu Takwimu huingii Mbinu, bila Mbinu hufanyi utafiti wa mwaka wa tatu, na Takwimu II inafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, Jumanne saa nne, saa ileile ya Fiziolojia ya Ubongo. Nayo huikwepi, maana ndiyo inayofanya shahada iitwe ya sayansi. Ukikosa moja, foleni yote inasogea mwaka mzima. Nikamuuliza mshauri wa masomo, mtu mmoja anakaaje madarasa mawili saa nne? Akanijibu, "Jifunze kupanga muda."

Nikapanga. Siku tatu, rula na penseli, huku chumbani kwangu Mabatini hapapangiki kitu. Mama mwenye nyumba, tangu asikie neno saikolojia, kila jioni anakuja na ndoto. Juzi kaota sangara anamdai kodi. Bodaboda naye: "Dokta, hebu soma akili yangu, nawaza nini?" Nikamwambia unawaza kunitoza buku mbili badala ya buku. Akacheka sana. Akanitoza buku mbili.

Lakini aliyenimaliza ni mjomba.

Mjomba ndiye anayelipa ada, na biashara yake ni dagaa, pale Mwaloni Kirumba. Alishasema hatoi senti kabla hajauona mpango kwa macho yake, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kununua gunia lililofungwa. Basi jana saa tatu asubuhi nikatokea, karatasi ndani ya bahasha, shati nimechomekea. Nikamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, miwani imefungwa uzi wa nyavu, nyuma yake korongo kasimama juu ya ukuta kama msimamizi wa mtihani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mwangaluka. Leta mzigo."

Akaanza na krediti. Nikamweleza: shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Akapiga hesabu kwa midomo tu. "Saa 3,600. Sasa kwa nini tulipe miaka mitatu? Jaza lumbesa, umalize kwa mmoja."

"Chuo hawaruhusu lumbesa, mjomba."

"Hata ukiongea na mpimaji?"

Akashuka na penseli yangu. Saikolojia ya Jamii, ni nini? Nikasema ni namna mtu anavyobadilika akiwa ndani ya kundi. "Kama hawa wachuuzi wakisikia boti limefika?" Ndiyo, mjomba. "Hiyo unaiona bure hapa." Akaikata. Kozi ya lazima, kaikata! Kozi ya kujifunza na tabia: nikamweleza habari za Pavlov, Mrusi, na mbwa wake aliyezoeshwa mpaka anatoka mate kwa kusikia mlio tu, chakula hakijaja. Mjomba akachukua kopo, akaligonga mara mbili kwenye jiwe. Yule korongo akashuka ukutani, akaja mpaka miguuni petu, akasimama anatutazama.

"Huyo Mrusi walimlipa?"

"Alipewa tuzo ya Nobeli, mwaka 1904. Ila walimpa kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, si kwa hilo la mlio."

"Umeona. Hata wao waliona la mlio ni la kawaida." Akaikata. Korongo hakupewa kitu. Aliendelea kusimama hapo saa nzima, na mimi nilimwelewa.

Fiziolojia ya Ubongo aliipenda kidogo, nilipomwambia ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4. Ndilo jambo la kwanza tangu asubuhi lililokuwa na kilo. "Sato mzuri huyo," akasema, akaiwekea tiki. Kwenye Saikolojia ya Utambuzi, ile ya kumbukumbu na fikra, akauliza kama kuna dawa ya mtu aliyekopa magunia manne akasahau. Nikaona hapa ndipo pa kumshika. Nikamwambia yupo Mjerumani, Ebbinghaus, alikariri silabi zisizo na maana yoyote, akawa anajipima mwenyewe zinavyompotea, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: sehemu kubwa inapotea mapema, muda mfupi tu baada ya kujifunza, halafu kusahau kunapunguza kasi.

"Huyo hajawahi kukopesha," mjomba akasema. "Mdeni anasahau akishakata kona tu."

"Ndicho alichosema, mjomba!"

Akanitazama juu ya miwani. Kimya. Akaiacha bila tiki wala mkato.

Tukafika Takwimu. Hapo nilikuwa namwombea aikate, Mungu anisamehe. Akauliza, huku mnafundishwa nini? Nikasema, kwa mfano huwezi kumpima kila mtu, kwa hiyo unachukua wachache, sampuli, ila usichague wale wa karibu au wale wazuri tu. Mjomba akainuka bila neno. Akalifuata gunia la jirani yake, akazamisha mkono mpaka kwapani, akautoa na konzi ya dagaa. Kisha akachota wengine wa juu. Akaviweka viganja viwili mbele ya pua yangu: wa juu wanang'aa fedha, wamenyooka, wa katikati weusi, vichwa vimekatika, na kijiti kimoja. "Wa juu wamewekwa kwa ajili yako," akasema. "Gunia liko hapa." Mwenye gunia akaanza kukohoa.

Nikasema mjomba, hiyo ndiyo sampuli yenyewe, umeieleza kuliko mhadhiri.

Kosa. Kosa kubwa la maisha yangu.

"Kama ni hilo nalijua," akasema, "ada ya nini?"

Nikaanza kujieleza. Nikaenda mpaka Leipzig, mwaka 1879, Wundt anafungua maabara ya saikolojia, maana ndipo saikolojia ilipoanza kupima vitu badala ya kubuni. Mjomba alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa na swali moja, nadhani alilibeba tangu nilipojiunga, na familia nzima ilimtuma. "Ukimaliza. Mgonjwa wa akili akiletwa. Dawa unaandika?"

Nikasema hapana mjomba, anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, huyo anasoma udaktari kwanza halafu ndiyo anabobea.

"Kwa hiyo dawa hutoi."

"Sitoi."

"Sindano?"

"Wala."

"Unafanya nini?"

"Naongea naye, mjomba. Napima. Natafiti."

Akavua miwani. Akaifuta kwa kanga ya mama muuza uji aliyekuwa anapita, mama wa watu akasimama akamngoja. "Nalipa pesa yote hii," akasema polepole, "ukaongee."

Hapo usomi ulinitoka. Nilisimama, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mjomba, haya masomo siyo dagaa! Hayatoki yote siku moja! Takwimu nikiikosa sasa hivi narudi mwakani, nikisapu marudio huko nakeri mwaka mwingine, nikikeri huko nadisko, chuo kwaheri, na wewe unaniuliza sindano!" Soko lote likageuka. Wapagazi wakasimama na magunia vichwani. Korongo akaruka.

Mjomba akaangalia huku, akaangalia kule, akaniambia kwa upole, "Unaona kundi lilivyogeuka? Na wewe ulivyopoa lilipogeuka? Ile nilikata. Nilikuwa sahihi."

Mpaka saa kumi na moja jioni nilikuwa hapo, namhesabia wastani wa magunia arobaini kwenye mgongo wa mpango wangu. Ndiyo maana leo kozi imejaa. Wenzangu jana walikuwa kwenye mfumo, mimi nilikuwa kwenye ndoo. Mshauri wa masomo aliishika ile karatasi kwa pembe, kwa vidole viwili, akauliza kama natoka kisiwani Ukerewe.

Na ada yenyewe mjomba kasema atalipa giza likirudi. Mbalamwezi hii, dagaa hawazifuati taa za wavuvi, boti nyingi ziko nchi kavu, mzigo hakuna. Sawa, mimi naelewa, kila mtu hapa Mwanza anaelewa. Lakini fomu ya kuomba kuongezewa muda wa malipo ina mstari umeandikwa "sababu", tena mstari mfupi. Naandika nini? Mwezi? Nimeandika "changamoto za kifamilia". Karani kanitazama kwa huruma kama nimefiwa.

Kanipa na kifuko cha dagaa, mjomba, cha kunipoza. Nimewaosha maji manne, bado mchanga. Miaka yote watu wanaambiwa anikeni kwenye chanja, wao wanaanika chini, na meno ni ya kwangu. Nimewaosha maji ya tano. Mama mwenye nyumba kanusa, kaja na kiti chake kabisa, kakaa mlangoni. Anasema yule sangara wa kodi karudi, na safari hii kaja na mwenyekiti wa mtaa.