Dawa ya moto ni moto? Dawa lengwa juu ya kemotherapi nzito

Tangu miaka ya 1970, mtu mzima mwenye lukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayokua haraka, ikiwa mwili wake unahimili, huanzishiwa mpango uleule wa kemotherapi nzito: sitarabini kwa siku 7, na kwa siku 3 kati ya hizo dawa ya jamii ya daunorubisini. Uboho hufagiliwa, seli mbovu na nzima pamoja, kisha wiki kadhaa za kungoja damu irudi huku homa ndogo tu ikitisha. Je, juu ya mzigo huo tuongeze dawa inayolenga kasoro mahususi ya seli ya saratani?

Wanaosema ndiyo hawabahatishi. Jeni ya FLT3 ikiharibika, seli huzaliana bila breki, na karibu theluthi ya wagonjwa wana hitilafu hiyo. Katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa 717 wa aina hii wenye miaka 18 hadi 59 walipewa kemotherapi pamoja na midostaurini, dawa inayozuia FLT3, au kidonge kisicho na dawa. Miaka 4 baadaye, asilimia 51.4 ya waliopata midostaurini walikuwa hai, dhidi ya asilimia 44.3. Si muujiza, lakini ni maisha ya watu. Baadaye ikaja kwizatinibu, nayo ya kuzuia FLT3: nusu ya walioipata pamoja na kemotherapi waliishi zaidi ya miezi 31.9, wenzao 15.1.

Ila kwizatinibu huvuruga umeme wa moyo. Potasiamu lazima ipimwe na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, irudiwe. Na mgonjwa asiye na kinga mara nyingi hupewa dawa za fangasi, ambazo baadhi yake huzuia ini kuivunja kwizatinibu, kwa hiyo dozi hupunguzwa. Hapo ndipo hesabu ya “dawa mbili ni bora kuliko moja” inapoyumba.

Mfano unaonikaa kichwani ni gemtuzumabu, kingamwili inayobeba sumu hadi kwenye seli zenye alama ya CD33. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, ikaondolewa sokoni 2010 baada ya kuongezwa kwenye kemotherapi bila faida, huku vifo vya mapema vikiwa vingi zaidi. Mwaka 2017 ilirudi ikiwa dawa ileile, kwa dozi ndogo zilizogawanywa. Kwa hiyo waliolaumu dawa yenyewe walikosea kwa kiasi fulani. Kosa kubwa lilikuwa dozi.

Lukemia ya limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) yenye kromosomu ya Philadelphia, yaani kromosomu iliyoharibika, inatufundisha kinyume kabisa. Wafaransa walipounganisha imatinibu, dawa inayolenga kasoro hiyo, na kemotherapi iliyopunguzwa, vifo vya mwanzo vilishuka na wengi zaidi walipata nafuu kamili kuliko waliopewa imatinibu na kemotherapi nzito. Dawa lengwa ilipofanya kazi vizuri, nyundo ililegezwa.

Kwangu mimi, FLT3 ikithibitishwa kwa mgonjwa wa makamo mwenye nguvu, kuongeza ni sawa, mradi majibu ya maabara yafike mapema, maana midostaurini huanza siku ya 8. Kwa wazee nasita. Sorafenibu, dawa nyingine inayozuia FLT3, ilipoongezwa kwenye kemotherapi nzito kwa waliozidi miaka 60, bila kuchagua wenye FLT3, haikuwasaidia na vifo vya mapema vilizidi. Mgonjwa wa miaka 75 mara nyingi hufaidika zaidi na mchanganyiko mpole zaidi wa dawa za azasitidini na venetoklaksi, bila ule mfagio wa siku 7.