Marehemu Alikuwa Amekaa Mstari wa Mbele

Kuhusu yanayosemwa juu yangu mimi mpiga picha na ule msiba wa Jumamosi: kwanza kabisa, mzee hakuzimia. Naomba hilo lieleweke. Pili, sikukimbia na kiatu kimoja. Viatu vyote nilikuwa navyo, ila kimoja kilikuwa mkononi. Hiyo klipu inayozunguka tangu juzi jioni kairekodi mshikaji wangu wa video, mtu ambaye tunakula naye chipsi sahani moja, na badala ya kunitetea akaiweka status hata kabla sijafika nyumbani. Na mmeona wenyewe inaonyesha miguu na vumbi tu. Ni kwa sababu bwana mkubwa alikuwa amekaa chini anacheka, kamera imeangalia ardhi. Sasa huyo ndiye shahidi wenu.

Basi nisikilizeni mimi.

Kibanda changu cha picha mnakijua, pale Majengo, Dodoma, si mbali na soko. Pasipoti saizi, kipaimara, sendofu, na mahafali ya UDOM yakifika nalala na kofia za watu kitandani. Tangu serikali ihamie huku, kila mwezi kuna mtumishi wa ofisi za serikali kule Mtumba anayeoa au anayetaka picha ya kitambulisho atoke mweupe kuliko alivyo. Lakini kazi isiyo na kelele ni ya msiba. Kwenye sendofu kamati itakuitisha vikao mpaka uone aibu ya kuomba hela yako. Kwenye msiba mtu anauliza bei, anatuma, anashukuru.

Ijumaa jioni akapiga kijana. Babu yake amefariki, maziko Jumamosi Hombolo, wanataka picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza, na mimi na mwenzangu tuwepo na kamera. Nikamwambia tuma picha. Akatuma selfi. Yeye kajaa nusu ya fremu, meno yote nje, nyuma yake wazee wawili wamesimama kushoto na kulia, wote wamevaa pama, wote wamenuna kama walivyonuna wazee wa mkoa huu wakiona simu. Ndugu wa tumbo moja. Wamefanana kope kwa kope.

Hapa naomba mafundi wenzangu msogee karibu, wengine mnaweza kwenda kunywa maji.

Selfi za baadhi ya simu hukaa kinyume, kama kioo. Niliona maandishi kwenye fulana ya yule kijana yamegeuka, yanasomeka kutoka kulia. Mpiga picha wa barabarani angeacha hivyo hivyo. Mimi nina viwango. Nikaigeuza picha ikakaa sawa, maandishi yakasomeka vizuri, ndipo nikapiga simu: "Mdogo wangu, babu ni yupi?" Akaangalia simu yake, ambayo picha bado iko kinyume, akasema, "Wa kulia." Nikaangalia kompyuta yangu, ambayo picha nimeshaigeuza. Wa kulia nikamwona.

Mpaka leo nasema, kitaalamu nilikuwa sahihi.

Nikamkata mzee wa kulia kwa ustadi ambao hata sendofu sijawahi kuutumia. Nikamwondoa mabega ya mjukuu, nikampaka nuru usoni, nikamweka mawingu nyuma, miale inashuka, njiwa wawili pembeni. Chini nikaandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", na mwaka wa kuzaliwa 1949, kama nilivyotumiwa. Nikamrushia kijana ahakiki. Alikuwa mochwari anahangaika na mambo ya gari, na kioo cha simu yake kimepasuka kama ardhi ya Oktoba. Akajibu kwa kidole gumba. Ninacho hicho kidole. Nimekihifadhi.

Jumamosi upepo ulikuwa ule wetu wa kusomba mabati. Fremu tukaifunga khanga isijae vumbi, tukafika Hombolo, nikawakabidhi ikiwa imefungwa. Hakuna aliyefungua. Mbukwenyi za Kigogo huku, poleni kule, tukapewa chai, nikaanza kazi.

Jeneza likatolewa ndani. Mbele yake binti mdogo, mjukuu, kavaa gauni jeupe, kaishika fremu kifuani na khanga yake. Kwaya inaimba. Njiani watani wamelala chini, jeneza halipiti mpaka walipwe, na watani wenyewe ni Wahehe wenzangu, maana mnajua sisi na Wagogo wa huku tulivyo watani wa jadi. Mimi natembea kinyumenyume, nimechuchumaa nusu, jicho liko kwenye kamera. Mwanga mzuri. Nikajisemea, leo nimepiga.

Upepo ukaja ukaichukua ile khanga.

Haikudondoka mara moja, jamani. Ilifunguka upande, ikasimama hewani kama inafikiria, halafu ikaenda zake kwenye mizabibu ya jirani. Binti hakujua kitu, akaendelea kutembea polepole na lile lisura limeng'aa, miale, njiwa.

Sauti ya kwanza ya kwaya ikakata. Walikuwa mbele, waliona. Ikafuata sauti ya pili. Waimba teno wakajikongoja kidogo wakafa. Besi walikuwa nyuma ya turubai hawaoni, kwa hiyo wakabaki peke yao wanaunguruma, na wimbo wa msiba ukibaki na besi tupu, niamini, unatisha.

Mtoto mmoja akasema kwa sauti safi kabisa, "Mbona babu mdogo?"

Mimi bado sijaelewa. Najua tu watu wameacha kulia, na kwenye msiba hiyo siyo dalili nzuri. Nikatoa jicho kwenye kamera, nikafuata macho ya watu. Yalikuwa yanakwenda kwenye fremu, yanarudi mstari wa mbele. Kwenye fremu, mstari wa mbele. Nami nikaangalia mstari wa mbele.

Alikuwa amekaa kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, pama ileile kichwani.

Akakiweka kikombe chini taratibu. Akatafuta miwani mfuko wa shati, haipo. Mfuko wa koti, ipo. Akaivaa. Akasimama kwa fimbo, akatembea mpaka mbele ya yule binti, akainama. Akaitazama picha. Akaitazama sana. Halafu, na hapa ndipo mshikaji wangu wa video alipokaa chini, mzee akavua kofia. Kwa heshima, kama mtu anavyoivulia maiti. Akasimama pale kichwa wazi, kofia kifuani, anamwomboleza mtu aliyevaa kofia yake.

Na mimi nikafanya nini? Kidole kikabonyeza. Siyo mimi, ni kidole. Miaka yote ya kazi imekifundisha kwamba watu wakinyamaza, bonyeza. Ule mlio, ka-cha, ukasikika mpaka bwawani.

Mzee akageuka. "Kijana."

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. "Mimi nimekufa lini?"

Nikafungua mdomo. Dada uliyeniandikia jana eti kwa nini sikuomba msamaha palepale: nilijaribu, ila kilichotoka kilikuwa maelezo kuhusu selfi kugeuka kama kioo. Nikafika mpaka kwenye maandishi ya fulana. Nikaona mchungaji ananitazama kama anayetafuta andiko.

Mzee akasoma chini ya picha, midomo inacheza. "Tena huu mwaka siyo wangu," akasema. "Mimi ni wa hamsini na mbili. Mnanizeesha."

Ndipo mke wake, aliyekuwa kimya muda wote, akapiga yowe. Yowe lilichelewa lakini lilikuja na mzigo wake wote. Na pale chini mmoja wa watani akainua kichwa akapaza sauti: "Sisi tumepatana bei ya maiti mmoja! Huyu wa pili alipiwe kivyake!"

Msiba ukapasuka. Mjane mwenyewe, Mungu ampe nguvu, aliziba uso kwa khanga na mabega yakawa yanaruka, na mpaka sasa sijui ilikuwa kilio au kicheko. Shangazi wa marehemu yeye hakuwa na utata. Alikuja na mwiko wa ubwabwa wa watu mia. Hapo ndipo miguu mnayoiona kwenye klipu inapoanza.

Kilichoniokoa ni kabila. Kuna aliyepiga kelele, "Mwacheni, Mhehe huyo, mla mbwa, ni utani!" na ghafla kila mtu akaamua kwamba nilipanga. Mzee mmoja akanipongeza kabisa, akasema utani wa namna hii hajauona tangu ujana wake. Sikubisha. Ningebishaje? Nikapakwa majivu, nikabebeshwa ndoo za maji za wapishi, marehemu halisi akatanguliwa na picha ya kwenye kadi ya kupigia kura, akazikwa vizuri, tukarudi mjini. Nusu ya malipo sijadai na sitadai.

Nilidhani yameisha. Leo asubuhi bodaboda imesimama mlangoni, anashuka mzee, pama kichwani, fremu kaiviringisha kwenye salfeti. Nikajiandaa kukimbia, nikakumbuka hapa ni kwangu.

Anaitaka. Anasema hajawahi kupigwa picha akatoka vile, na watoto wake hawana akili ya kumtafutia nyingine siku ikifika, watahangaika na selfi. Nirekebishe mwaka wa kuzaliwa, wa kufa niuache wazi. Na njiwa niwatoe, kwake njiwa hawakai, anafuga kanga.

Nimeweka kanga wawili kwenye mawingu. Wamependeza kuliko njiwa, mkitaka na nyie semeni.

Tumekwama kwenye bei. Mimi nimemtajia ya msiba. Yeye anasema ya msiba hulipwa na waliobaki, na yeye ni mmoja wao, hivyo tusubiri. Bado amekaa hapo kwenye stuli ya pasipoti saizi, anakunywa chai yangu.